Kabla ya Kumlaumu Mnyama

Mkiwa hatuna fisi maji. Kijiji chetu ni njia panda: barabara ya Itigi na Rungwa inaiacha hapa ile ya Dodoma na Singida. Mvua ni za msimu mmoja, na masika yakiisha makorongo hubaki mchanga mtupu. Lakini vijana wetu huenda Mwanza ziwani kwenye dagaa, wakirudi wananiuliza: mwalimu, yule fisi maji anaua mtu?

Mimi huanza kuwajibu kwa habari za simba, maana Singida iliwahi kulipia gharama ya kumjibu mtu haraka juu ya mnyama.

Mwaka 1920 watu waliuawa hapa Singida katika nchi ya Wanyaturu, miili ikaonekana kama iliyoraruliwa kwa makucha. Mauaji yakarudi kati ya 1946 na 1948. Simba walikuwepo kweli, kwa hiyo wengi waliona hakuna la kuuliza. Serikali ya kikoloni ilipochunguza ikasema wauaji ni watu waliojifanya simba. Polisi wakaletwa, kesi zikasikilizwa. Habari za "simba-watu" zikaenea hadi Ulaya, zikitiwa chumvi kila zilikopita. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyekuwa ameishi na Wanyaturu, aliandika makala ya kuyapima upya yale yaliyokuwa yamesemwa.

Marehemu babu yangu, mchunga ng'ombe, alikuwa na kipimo chake. Akiambiwa mnyama kaingia zizini, hakugusa mkuki kwanza. Aliinama kwenye vumbi. Simba akitembea huficha kucha, wayo wake hauachi alama za kucha. Fisi hana uwezo huo. Mbele ya kila kidole pana kidoa cha ukucha. "Mtu naye ana wayo wake," angemalizia, na hapo wazee wenzake walinyamaza.

Sasa turudi ziwani. Ziwa Viktoria lina fisi maji mwenye madoa shingoni, kilo tatu hadi sita hivi, mkia na mwili pamoja kama mita moja. Kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, ni moja ya mahali pazuri pa kumwona. Chakula chake ni samaki. Yupo pia nduguye mkubwa asiye na kucha ndefu, anayepapasa kaa chini ya mawe. Wote wawili mtu akiwasogelea hupendelea kupiga mbizi.

Ugomvi wa fisi maji na wavuvi ni wa nyavu. Nyavu za nailoni zilienea ziwani katika miaka ya 1950, miaka ileile sangara alipopandikizwa. Fisi maji huona samaki walionasa, huwala hapohapo, wavu unachanika. Mara nyingine hunasa mwenyewe, asipate kupanda juu kuvuta pumzi, akafa. Mvuvi huhesabu hasara, naye fisi maji hupigwa rungu kama mwizi. Mwizi wa samaki ni kweli. Muuaji wa watu si yeye. Ana meno makali, na aliyebanwa wavuni au mwenye watoto atamuuma anayemshika.

Linganisheni na simba. Watafiti walihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, wengi wao kusini, kule Lindi na Mtwara. Wakafuata sababu, wakakuta nguruwe pori: wanavamia mazao, mkulima analala shambani kuyalinda, na simba anamfuata nguruwe mpaka kwenye kibanda kisicho na mlango. Ilibidi mtu ainame atazame vumbi ndipo hilo lionekane.

Basi kijana akirudi ziwani namwambia hivi: ukimkuta fisi maji kwenye wavu, kata wavu kwa kisu, usimkamate kwa mkono. Ukisikia ameua mtu, uliza kwanza nani aliuona mwili, na jeraha lilikuwaje.