Daftari la Mchumba Humnoa Nani?

Tarehe 23 Oktoba 1613, wiki moja kabla ya kufunga ndoa yake ya pili, mwanafalaki Johannes Kepler aliketi mjini Linz, Austria, akamwandikia mkubwa mmoja barua ndefu ya kumwalika harusini. Ndani yake alieleza, mmoja baada ya mwingine, habari za wanawake kumi na mmoja aliowafikiria tangu afiwe na mkewe Barbara mwaka 1611. Huenda hiyo ndiyo kumbukumbu ya uchumba iliyopangika kuliko zote zilizotufikia kutoka zama zile, na wanaowahimiza vijana kuandika kila wanachokutana nacho katika mapenzi wangeweza kuitaja kama ushahidi wao. Lakini ukiisoma pamoja na za wenzake waliokuja baadaye, inaonyesha jambo lenye mipaka zaidi: daftari humnoa mwandishi katika kile anachokipima humo, na kisichopimwa hubaki butu.

Kepler alikuwa mgane mwenye watoto wawili wadogo, na kwa mtu wa hali yake, kuoa lilikuwa jambo la marafiki na washenga kama lilivyokuwa la moyo. Wa kwanza kupendekezwa alikuwa mjane. Baadaye akapendekezewa binti wa mjane huyohuyo. Wengine walikuja na sifa za ukoo, mali au umbo. Wa tano, Susanna Reuttinger, alikuwa yatima wa miaka 24 aliyelelewa katika nyumba ya kabaila mmoja, na mahari ya maana hakuwa nayo. Kepler alimpenda kwa unyenyekevu wake, ubanaji wake wa matumizi na moyo wake wa kuwapenda watoto wa kambo. Hata hivyo marafiki walimvuta kwa wa nne, aliyekuwa na hadhi kubwa zaidi. Kepler aliposita kupita kiasi, mwanamke huyo akachoka kungoja. Baada ya kuwazungukia wote, Kepler alirudi kwa Susanna, wakaoana tarehe 30 Oktoba.

Uzito wa barua hiyo haumo katika alama walizopewa wanawake. Humo Kepler anajihoji: je, ni Mungu aliyemwacha ayumbishwe huku na huko kwa takriban miaka miwili, au ni kosa lake mwenyewe? Alipoyapanga yaliyopita kwa mfululizo, aliona kwamba tatizo halikuwa uhaba wa wachumba. Lilikuwa tabia yake ya kuacha sauti za watu zipime thamani ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumkubali.

Wanahisabati wa karne ya 20 wameisoma hadithi hii kwa jicho jingine. Iko kanuni maarufu ya uteuzi: ukikutana na watu mmoja mmoja bila nafasi ya kumrudia uliyempita, waache kwanza takriban asilimia 37, kisha mchukue wa kwanza anayewashinda wote waliotangulia. Kwa watu kumi na mmoja, hiyo ni kuwaacha wanne na kuanza kuchagua kwa wa tano. Mtu anaweza kudai basi kwamba hesabu tu, bila kujihoji kokote, ingemfikisha Kepler kwa Susanna. Hoja hiyo inavutia, ila inasahau mambo mawili. Kanuni inakataza kurudi nyuma, na Kepler alirudi. Tena inadhani mwenye daftari peke yake ndiye anayechagua, ilhali wa nne alikuwa na hiari yake, na aliitumia kukataa. Hakuna safu ya hesabu inayoweza kulijaza jibu la mtu mwingine kabla hajalitoa.

Pingamizi zito zaidi linatoka London. James Boswell, Mskochi aliyefika huko Novemba 1762 akiwa na miaka 22, aliandika shajara kila siku na kujiachia maagizo ya namna ya kuenenda. Kama kujichunguza kwa maandishi kunatosha, yeye angekuwa mfano bora wa mwanamume aliyeongoka. Haikuwa hivyo. Januari 1763 aliambukizwa kisonono, akamlaumu mwigizaji aliyekuwa mpenzi wake na kumdai pesa alizomkopesha. Alioa mwaka 1769, na maazimio aliyoyaandika na kuyavunja yakaendelea kujaza kurasa. Lakini tuangalie alichokuwa akikiandika kwa bidii hasa: mandhari, mazungumzo, mtu alivyosema na alivyojibiwa. Katika hilo alikuwa stadi kweli, na mwaka 1791 ustadi huo ulizaa wasifu wa mwandishi Samuel Johnson unaohesabiwa miongoni mwa bora kabisa katika Kiingereza. Daftari lilimfundisha kusikiliza na kusimulia, kwa sababu hilo ndilo alilolifanyia mazoezi. Majuto aliyaandika vizuri, lakini hakuyafanyia kazi.

Charles Darwin anasimama katikati yao. Julai 1838 aligawa karatasi safu mbili: kuoa na kutooa. Upande mmoja aliweka uhuru wa kusafiri, fedha za vitabu na muda wa kazi. Upande wa pili watoto, mwenzi wa uzeeni na mtu wa kuangalia nyumba, akimlinganisha hata na mbwa. Watu huicheka orodha hiyo kwa ubaridi wake, na wana haki. Ila haikutaja mwanamke yeyote. Ilipima maisha ya Darwin, ikamjibu swali la maisha yake tu: aoe. Alipomposa binamu yake Emma Wedgwood Novemba mwaka huohuo, alilazimika kufanya lisilokuwemo kwenye safu zake. Baba yake alikuwa amemshauri amfiche mke shaka zake za dini. Yeye akamwambia Emma. Emma alihuzunika, akamwandikia barua kuhusu jambo hilo, na Darwin akaitunza barua ile maisha yake yote.

Kwa hiyo anayetaka kuandika ili aboreshe uchumba wake aulize kwanza anaandika nini. Akiorodhesha kasoro za wenzake, atakuwa hodari wa kuona kasoro. Akihifadhi visa vitamu, atakuwa msimulizi mzuri. Atakayeandika alichofanya yeye na alichojibiwa, kisha akabadilisha mwenendo wake kwa sababu ya jibu hilo, ndiye pekee ambaye daftari litamfaa katika uchumba wenyewe.