Janga Lisilotokea: Mwonaji na Ushahidi katika The Dead Zone

Mwonaji akizuia janga, atamthibitishia nani kwamba lilikuwa linakuja? Swali hili ndilo uti wa mgongo wa The Dead Zone, riwaya ya taharuki aliyoichapisha Stephen King mwaka 1979, ingawa wengi huisoma kama hadithi ya karama tu. Johnny Smith, mwalimu kijana katika jimbo la Maine, Marekani, anapata ajali ya gari mwaka 1970 na kupoteza fahamu kwa miaka minne na nusu. Anapozinduka, akimgusa mtu huona yaliyompata au yatakayompata. Msomaji hachelewi kujua kwamba maono hayo ni ya kweli. Taharuki basi haiko katika kuona. Iko katika kusadikiwa.

Tazama mkasa wa mkahawa. Siku ya mahafali ya Chuck, kijana anayemfundisha kusoma, Johnny anaona mkahawa wa sherehe ukiteketea. Anasihi hadi sauti inamkauka. Baadhi ya vijana wanakubali kubaki nyumbani kwa akina Chuck. Wengine wanamcheka, wanakwenda. Radi inapiga, mkahawa unawaka. Habari zinapofika, msichana mmoja miongoni mwa walionusurika anamgeukia Johnny na kupiga kelele: ni yeye aliyewasha moto ule kwa akili yake, kama ilivyo katika Carrie. (Carrie ni riwaya ya King mwenyewe, ya 1974: mzaha mkavu, lakini wenye maana.) Aliyeokolewa anamshitaki mwokozi. Na kabla ya hapo mchuuzi wa vyuma vya kukingia radi alikuwa amempitia mwenye mkahawa, akafukuzwa. Kinga ilikuwepo, tena ya kununuliwa kwa fedha, bila muujiza wowote. Kinjekitile, mwonaji wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, aliponzwa na kuaminiwa kupita kiasi. Johnny anaponzwa na kinyume chake.

Ndiyo maana sehemu ya Greg Stillson inatisha. Ni mwanasiasa mcheshi, amevaa kofia ngumu ya fundi ujenzi, na umati unampenda. Johnny anampa mkono, anamwona akila kiapo cha urais, na nyuma ya kiapo hicho maangamizi yaliyofunikwa na utando wa buluu. Filamu ya David Cronenberg ya 1983 inatuonyesha waziwazi rais akilazimisha makombora yarushwe. King anatunyima uhakika huo, na naona yeye ndiye aliyefanya vyema zaidi. Tena anampa shujaa wake uvimbe kwenye ubongo, ili mwenye shaka asikose pa kushika.

Ili kuyazuia maangamizi hayo, Johnny anapanda na bunduki kwenye roshani ya ukumbi wa mji, anafyatua, anakosa. Stillson anamnyakua mtoto mdogo na kujikinga naye. Mpiga picha anabonyeza kamera.

Wapo watakaosema hapo King amekwepa: amemwepusha shujaa na damu ya mtu kwa bahati tupu. Lawama hiyo ina uzito. Lakini bahati hiyo inaleta kile ambacho maono yote hayakuweza kukileta, kitu ambacho asiye na karama anaweza kukikagua kwa macho yake. Johnny, aliyepigwa risasi na walinzi, akikata roho, anamgusa Stillson mguuni na kuona kwamba mambo yamegeuka. Wapiga kura hawakuhitaji kugusa chochote. Walimwona mtoto, na mikono iliyomshika.