Kipande House: Jengo Umelipita Mara Mia na Hujawahi Kuliangalia

Mara ya kwanza kusimamishwa usiku na askari wawili wenye tochi, neno lililowatoka mdomoni lilikuwa moja tu: "Kipande." Si habari ya jioni, si unatoka wapi. Kipande. Nilikuwa na miaka 19, natoka kwa kina mshikaji wangu, na kitambulisho nilikuwa nimekiacha nyumbani kwa suruali nyingine. Yaliyofuata tuyaache, ila nililala mahali ambapo sikuwa nimepanga kulala. Asubuhi, nikitembea kurudi nyumbani na viatu bila kamba, nikajiuliza swali la kijinga: kwani hii kadi inaitwa kipande kwa nini? Kipande cha nini?

Jibu liko tao. Shuka Kenyatta Avenue mpaka kona ya Loita Street, utaona jengo la mawe lenye mnara, na ndani yake kuna tawi la KCB. Hilo ndilo Kipande House. Watu huniuliza ni jengo gani la kale ninalolipenda zaidi Kenya hii, wakitarajia niseme Fort Jesus ama magofu ya Gede. Nayapenda, na nimefika. Lakini nauli ya kwenda Pwani si mchezo, na hili hapa unaliona bure ukisubiri mathree.

Lilijengwa 1913, na mhandisi anayetajwa ni Gurdit Singh Nayar. Nairobi wakati huo ilikuwa mtoto mdogo, reli ilikuwa imefika hapa 1899 tu. Mpaka 1935 hili ndilo lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini. Hebu simama ng'ambo ya barabara uliangalie leo, vile limezungukwa na minara ya vioo, halafu ufikirie kijana ametoka Murang'a ama Kakamega kwa miguu, hajawahi kuona nyumba ya ghorofa, anaambiwa ingia pale uandikishwe.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915. Vita vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kufanya kazi kama mwaka 1920 hivi. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kuchukua kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, kabila, mwajiri wake ni nani, anafanya kazi gani, analipwa pesa ngapi, ameanza lini na ameachishwa lini. Karatasi inakunjwa, inaingizwa kwa kikopo cha bati, kikopo kinafungwa kamba, kamba inaingia shingoni.

Sasa sikia sehemu yenyewe chafu. Ukitaka kuacha kazi, lazima mwajiri aweke sahihi kwenye kipande kwamba amekuachilia. Asipoweka, huwezi kuandikwa kwingine. Ukiondoka hivyo hivyo, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai: polisi wanakutafuta, alama zako za vidole wanazo. Na mshahara wa zamani umeandikwa pale pale, kwa hivyo mwajiri mpya anajua ulikuwa unalipwa kidogo kiasi gani na hana sababu ya kuongeza. Walowezi walikuwa na mashamba makubwa na walitaka mikono ya bei rahisi isiyoweza kuhama. Kipande kilikuwa dawa yao. Hakikuwa kitambulisho vile sisi tunaelewa. Kilikuwa mkataba wa kazi ambao mmoja tu kati ya waliofungwa nao ndiye anauvaa shingoni.

Nilimuuliza shosh yangu kama aliwahi kukiona. Akacheka. Akasema wazee wa kwao Nyeri walikuwa wanakiita mbugi, yaani ile kengele ya mbuzi. Manake mbuzi akipotea unamsikia alipo. Baba yake alikuwa nacho, na wakati kilipoondolewa hakukitupa. Karatasi sijui ilienda wapi, lakini kikopo alibaki nacho akitilia ugoro mpaka alipokufa. Nilimuuliza kiko wapi sasa. "Nani alijua mtakuja kukitaka?" akasema, kama vile mimi ndiye niliyekipoteza.

Kilianza kuondolewa mwisho wa miaka ya 1940. Sheria mpya ikasema kila mwanamume aandikishwe bila kujali rangi, mzungu pia aweke alama za vidole. Walowezi wakapiga kelele vibaya sana, ati wanafanywa wahalifu. Mambo ambayo Mwafrika alikuwa amefanyiwa miaka karibu 30, wao hata wiki moja hawakuivumilia. Wanawake, kwa taarifa yako, walianza kupewa vitambulisho mwisho wa miaka ya 1970 tu. Kadi imebadilika mara kadhaa, sasa ni ya plastiki, lakini jina la mtaani halikubadilika. Ndiyo maana yule askari aliniambia kipande. Hakuwa anatumia sheng. Alikuwa anatumia neno la 1920 bila kujua.

Kutoka hapo nenda Harry Thuku Road. Si mbali, ni kutembea tu. Hii barabara nilipita na mkoba wa chuo mgongoni mwaka mzima na nusu kabla sijaacha masomo, na sikumbuki siku hata moja nilijiuliza Thuku ni nani. Nilidhani ni mbunge wa zamani. Kumbe alikuwa opereta wa simu kwa ofisi ya hazina ya serikali, kijana wa miaka 20 na kitu, ambaye 1921 alianza kukusanya watu Nairobi kupinga kipande, kupunguzwa kwa mishahara, kodi ya nyumba, na wasichana kulazimishwa kufanya kazi za bure. Hakuwa anaongea na Wakikuyu peke yao: alitafuta marafiki kati ya Wahindi, Waluo, Waganda, kila mtu aliyekuwa Nairobi akivuja jasho.

Machi 14, 1922 wakamkamata. Machi 16 maelfu ya watu wakajaa nje ya kituo cha polisi, upande ule ule Central Police iko leo, wakidai aachiliwe. Wanaume wazee wakaanza kusema twende nyumbani, tutazungumza na serikali. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mbele ya umati na kuwaambia wanaume wachukue rinda lake, wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu hiyo ni laana nzito, si mzaha. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na kuna ushahidi kwamba hata wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walifyatua zao. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walisema ni zaidi sana. Thuku akapelekwa Kismayu, hakurudi mpaka miaka ya 1930 inaanza.

Norfolk bado iko pale pale. Ilifunguliwa Krismasi ya 1904 na bado inapendeza, siwezi kukataa. Ila ukienda kupiga picha hapo na kahawa yako ya bei ya chakula cha mchana, jua unaangalia nini ukiangalia barabarani.

Rudi Kenyatta Avenue uende mwisho, unapokutana na Uhuru Highway. Kuna jengo dogo la mawe, zuri, limekaa kama limesahaulika. Hilo lilikuwa ofisi ya PC, nalo la 1913 vile vile. Hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo vilikuwa vinaandikishwa, na ndipo vipimo vya umbali kutoka Nairobi vilikuwa vinaanzia. Leo ni Nairobi Gallery, iko chini ya makavazi ya taifa, na ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa nchi hii, mtu aliyependa vitabu na vinyago kuliko siasa mpaka akajiuzulu 1966. Chumba cha katikati kina pembe nane na kuba juu. Kaa hapo dakika kumi, utulie.

Halafu ukitoka, inua kichwa. Ile nyumba ya manjano iliyolifunika ni Nyayo House. Wengi wenu mmepiga foleni ya pasipoti hapo. Chini ya hizo foleni, kwa ghorofa ya chini kabisa, miaka ya 1980 kulikuwa na seli ambapo watu walioshukiwa kuwa Mwakenya walifungiwa gizani, wengine wakimwagiwa maji sakafuni wakae ndani yake siku nyingi, kisha wanapandishwa juu kwa lifti kuhojiwa na kupigwa. Wanafunzi, walimu wa vyuo, wanasheria, wakulima. Serikali ya NARC ilizifungua watu wazione Februari 2003, na baadaye mahakama zikaamuru baadhi yao walipwe fidia. Lakini huwezi kuamka leo ukaingia ukaziona kama unavyoingia Fort Jesus, na hilo linanikera kuliko chochote katika mji huu. Tuna jengo la mkoloni limehifadhiwa vizuri, na mita chache tu kando yake tuna uchungu wetu wenyewe umefungiwa chini ya kaunta.

Kuna mshikaji wangu, fundi wa umeme, tulibishana juu ya haya yote kwa kibanda cha chapo mpaka mama akatuambia tulipe tuondoke. Yeye anasema majengo ya mkoloni yote yabomolewe, tujenge nyumba za watu. Namwelewa. Mtu analipa kodi ya nyumba kwa bedsitter isiyo na maji, halafu unamwambia aheshimu mawe ya mzungu? Lakini nikamuuliza: ukibomoa Kipande House, kesho nikimwambia mtoto wako kwamba babu ya babu yake alitembea na kikopo shingoni kama mbuzi, nitamwonyesha nini? Na tena mawe si ya mzungu. Mchoro ni wa Singasinga, na waliobeba mawe unawajua. Mshikaji akasema sawa, basi benki itoke iwe makumbusho. Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Benki angalau inaliweka paa lake lisivuje.

Kuhusu paa kuvuja: pitia pia McMillan Library, Banda Street, karibu na Jamia Mosque. Ni ile yenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani mpaka 1958. Miaka 27 watu walipita nje wakiangaliwa na simba. Siku hizi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, linafanya kazi ya kuirudisha hali yake, na matawi ya Kaloleni na Makadara walishayatengeneza. Mimi nilisoma mambo mengi ya kipande kwa maktaba, si kwa simu, na ni huko nilikoona picha ya kijana amevaa kile kikopo. Anaangalia kamera moja kwa moja. Umri wake ni kama wangu.

Ukitaka kuzunguka hivi, toka Jumamosi asubuhi kabla tao haijajaa. Anza Kipande House, pigia picha ng'ambo ya barabara maana ni benki hiyo, usije ukashangaa ukiulizwa maswali. Malizia Nairobi Gallery, lakini beba kipande chako, maana wananchi wana bei yao na langoni watataka kukiona.