Daraja la Mpanga: Tunawajua Marais Waliozindua Reli, Waliosimamisha Nguzo Je?

Konda akipiga kelele "Tazara, Tazara, wa Tazara sogea mlangoni!", wengi wetu tunawaza vitu viwili tu: foleni na flaiova ya Mfugale. Lile jengo kubwa la stesheni pale njia panda ya Nyerere na Mandela tunalipita kila siku kama ukuta wa jirani. Watoto wa Temeke na Yombo wamekua wakisikia honi ya treni usiku, lakini ukiwauliza reli ile inapita wapi baada ya Pugu, kimya.

Leo twende mbali kidogo, mpaka kwenye daraja ambalo abiria wengi wanalipita wakiwa wanasinzia: Daraja la Mpanga, kule kati ya Mlimba na Makambako.

Kwanza, reli yenyewe ilitoka wapi? Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao kinyemela. Zambia ikabanwa. Shaba yake ilikuwa inapita kusini, kwenye nchi zilizoshikwa na wakoloni na makaburu. Nyerere na Kaunda wakatafuta fedha za reli ya kuja Dar, wakubwa wa Magharibi wakasema haina faida. China ikakubali. Mkataba ukasainiwa Beijing mwaka 1967, mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970. Kufikia Juni 1975 mataruma yalikuwa yamefika Kapiri Mposhi, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Kilometa 1,860 hizo, wadau. Madaraja 320, mahandaki 22.

Sasa mzigo mzito ulikuwa Mlimba–Makambako. Ni kipande cha kilometa kama 160 tu, lakini karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za reli nzima ziko hapo. Kwa nini? Kwa sababu treni haipandi mlima kama bodaboda. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza, kwa hiyo mwinuko lazima uwe wa pole pole sana. Na hapo unatoka bonde la Kilombero mpaka Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Yaani unapanda zaidi ya kilometa moja kwenda juu.

Ndio maana ukifika kwenye bonde la mto Mpanga huwezi kushuka mpaka mtoni halafu upande tena upande wa pili. Treni yenye mabehewa ya shaba ingebaki huko chini. Inabidi uvuke ukiwa juu kwa juu, na bonde lenyewe ni refu kwenda chini balaa.

Wengi tukisikia daraja la zamani la reli tunawaza yale ya vyuma vilivyopangwa pembetatu. Yana akili yake: chukua vijiti vinne ufunge mraba, ukiusukuma unalala. Chukua vitatu ufunge pembetatu, haiendi popote. Njia hiyo inafaa sana ukitaka kuruka mto mpana bila kuweka miguu mingi majini. Mpanga tatizo lilikuwa kina. Jibu likawa nguzo: tatu, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 50. Hiyo ni sawa na ghorofa la kama sakafu 16, ila katikati ya pori.

Zege linapenda kukandamizwa. Uzito wa treni ukishuka wima kwenye nguzo, zege halina shida. Hatari inatoka pembeni: upepo wa bondeni, treni ikifunga breki juu ya daraja, na mafuriko yanayochimba chini ya mguu. Kwa hiyo nguzo lazima ishuke mpaka kwenye ardhi ngumu na isimame wima kabisa. Ukikosea kidogo chini, huko juu umepotea. Na hawa watu walikuwa wanajenga mapema miaka ya 70, mbali na mji wowote mkubwa.

Na madaraja ndiyo roho ya reli, adui alilijua hilo. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la mto Chambeshi upande wa Zambia. Daraja moja tu likaanguka, reli nzima ya kwenda Dar ikakatika.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Nyerere tunamjua, Kaunda tunamjua. Lakini kazi ilipopamba moto kulikuwa na makumi ya maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia, pamoja na Wachina kwa maelfu. Inatajwa kwamba waliokufa ni zaidi ya 160, na Wachina kati yao ni zaidi ya 60. Makaburi ya Wachina yapo hapa hapa Dar, Majohe, Gongo la Mboto, yamepangwa na majina yameandikwa. Wale vijana wetu je? Wengi wetu hatuwezi kutaja hata jina moja.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 leo ana sabini na kitu. Wapo mitaani kwetu, wanacheza bao, wanaitwa "babu" tu. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya kuifufua TAZARA, na SGR nayo imeshatuteka wote. Safi sana. Lakini zege la Mpanga litaishi kuliko hao wazee.

Kwa hiyo kazi ya wikiendi ni hii: muulize mzee wako kama aliwahi kubeba zege kule Mlimba. Washa simu, mrekodi. Halafu rudi hapa chini utuambie alisema nini. Nani ana babu wa TAZARA?