Seli shina na maradhi ya kiharusi: Wagonjwa wa Pemba watarajie nini?

Kiharusi, ambacho wengi kisiwani Pemba hukiita maradhi ya kupooza, ni miongoni mwa magonjwa yanayoziacha familia bila mlezi na bila akiba. Mtu aliyekuwa akikwea mikarafuu au akienda baharini hujikuta hawezi kuinua mkono wala kutamka jina la mwanawe. Katika hali hiyo, jamaa wanaposikia kuwa ng'ambo kuna kliniki zinazotibu kupooza kwa kutumia seli shina, si ajabu wakaanza kuzungumzia kuuza shamba ili mgonjwa wao asafirishwe.

Makala haya yanaeleza seli shina ni nini, utafiti wake umefikia wapi, na ni maradhi gani ambayo tiba hiyo imethibitika kuyatibu.

Kiharusi hutokeaje?

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani, husababishwa na bonge la damu linaloziba mshipa. Aina ya pili hutokana na mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo. Mshipa mkubwa unapoziba, wataalamu wanakadiria kuwa mgonjwa hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 katika kila dakika inayopita bila tiba.

Utafiti uliofanyika katika hospitali za Zanzibar kuanzia Oktoba 2018 hadi Septemba 2019, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, uliandikisha wagonjwa 869 wa kiharusi. Miongoni mwa 720 waliokubali kushiriki, umri wa kati ulikuwa miaka 62, na zaidi ya asilimia 70 walikuwa na shinikizo la damu. Kati ya hao wenye shinikizo, ni kama nusu tu waliosema kuwa walikuwa wakitumia dawa mara kwa mara.

Seli shina ni nini?

Seli nyingi za mwili zina kazi moja: ya ngozi hubaki kuwa ya ngozi, na ya moyo hubaki kuwa ya moyo. Seli shina ni tofauti. Inaweza kujigawa na kuzaa seli zinazofanana nayo, na pia kuzaa seli za aina nyingine. Ndiyo maana ikafananishwa na shina la mti linalotoa matawi.

Wanasayansi James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, ndio waliotoa ushahidi wa kwanza wa seli hizo mwaka 1961, walipokuwa wakichunguza uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mwaka 1998, James Thomson wa Marekani alifanikiwa kukuza maabara seli shina zilizotokana na kiinitete cha binadamu, jambo lililozua mjadala mkubwa wa kimaadili na kidini. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kuwa seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina bila kutumia kiinitete, na mwaka uliofuata ikathibitika kwa seli za binadamu pia. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Majaribio kwa wagonjwa wa kiharusi

Wazo la kutibu kiharusi kwa seli shina lina mantiki. Seli za ubongo zikifa hazioti tena kwa urahisi. Hivyo watafiti walitaraji kuwa seli mpya zingeziba pengo, au walau kutoa kemikali zinazosaidia zilizosalia kupona. Katika wanyama wa maabara matokeo yalitia moyo. Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu zaidi.

Mwaka 2010, madaktari wa Glasgow, Uingereza, walianza kuweka seli shina za neva ndani ya ubongo wa wagonjwa 11 waliokuwa wamepooza. Hakukuwa na madhara makubwa yaliyotokana na seli hizo, na baadhi yao walipata nafuu kiasi. Hata hivyo, hakukuwa na kundi la kulinganisha nao. Jambo hilo ni muhimu, kwa kuwa wagonjwa wengi wa kiharusi hupata nafuu fulani katika miezi ya mwanzo hata bila tiba hiyo.

Nchini India, ambako wagonjwa wengi wa Tanzania huenda kutafuta tiba, watafiti waligawa wagonjwa 120 katika makundi mawili. Kundi moja lilidungwa seli kutoka katika uloto wao wenyewe na jingine likapata huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa tiba hiyo ilikuwa salama, lakini waliodungwa hawakupona zaidi ya wenzao.

Majaribio makubwa yaliyofuata Marekani, Uingereza na Japani nayo hayakufikia lengo lake kuu. Mwaka 2019 ilitangazwa kuwa jaribio la kupandikiza ubongoni seli zinazoitwa SB623 kwa wagonjwa wa kiharusi cha muda mrefu halikufaulu. Seli hizo hizo zilipata idhini yenye masharti nchini Japani mwaka 2024, lakini ni kwa walioumia ubongo kutokana na ajali, si kwa wenye kiharusi. Jaribio jingine la Japani, lililohusisha wagonjwa 206 waliopewa tiba ndani ya saa 36 za kuugua, halikuonyesha tofauti ya kutosha katika kipimo chake kikuu.

Kwa ufupi, hadi sasa hakuna tiba ya seli shina iliyothibitika kumponya mgonjwa wa kiharusi. Utafiti unaendelea, lakini anayeiuza leo kama tiba kamili anauza kitu ambacho sayansi haijakithibitisha.

Hatari yake si kupoteza fedha peke yake. Mwaka 2016, jarida la tiba la New England la Marekani lilieleza habari za mgonjwa wa kiharusi mwenye umri wa miaka 66 aliyedungwa seli shina katika kliniki za China, Argentina na Mexico. Baadaye aliota uvimbe ndani ya uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha kuwa sehemu kubwa ya seli za uvimbe huo hazikuwa zake. Mwaka 2017, Baraza la Utafiti wa Tiba la India lilitoa mwongozo unaosema kuwa matumizi ya seli shina nje ya majaribio rasmi hayakubaliki, isipokuwa upandikizaji wa seli zinazotengeneza damu.

Pemba yenyewe ilitoa funzo

Baadhi ya wasomaji watauliza: ikiwa tiba inaonekana kuwa na manufaa, kwa nini isubiri majaribio ya miaka mingi? Jibu moja lilipatikana Pemba.

Mwaka 2002 ulianza kisiwani humo utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki ili kuzuia upungufu wa damu. Wakati huo virutubisho hivyo vilihesabiwa kuwa ni kheri tupu. Zaidi ya watoto 24,000 waliingizwa katika sehemu hiyo ya utafiti. Mwezi Agosti 2003 utoaji wa madini hayo ulisimamishwa, kwani ilibainika kuwa waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa kwa maradhi makubwa kuliko wasiopewa. Malaria, iliyokuwa imeenea sana, ilihusika.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria. Aidha, ilionekana kuwa watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma, na waliofuatiliwa kwa karibu, walinufaika. Bila ya kulinganisha makundi, asingejua mtu nani anasaidiwa na nani anadhurika. Kama chuma, kitu kilicho katika mchicha na maini, kilihitaji kupimwa hivyo, seli hai inayodungwa mwilini inahitaji zaidi.

Pale seli shina zilipofaulu

Upo ugonjwa mmoja unaohusiana na kiharusi ambao seli shina zimethibitika kuutibu, nao ni selimundu. Katika ugonjwa huu wa kurithi, chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa. Mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu imeenea katika nchi zenye malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini Tanzania.

Bila ya kinga, takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye aina kali ya ugonjwa huo hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Kwa kuwa chanzo kipo katika uloto unaotengeneza damu yenye kasoro, kuubadilisha uloto huo huondoa chanzo chenyewe. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto 67, ulionyesha kuwa waliopandikizwa uloto wa ndugu zao walipata nafuu kubwa zaidi katika mishipa ya ubongo kuliko waliokuwa wakiongezewa damu.

Tanzania imekwisha kuingia katika njia hiyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Mwaka huo huo, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya Casgevy, ambayo hurekebisha jeni za seli shina za mgonjwa mwenyewe. Lakini bei yake nchini Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Upandikizaji una mipaka. Unahitaji mtoaji anayelingana na mgonjwa, na kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Dawa zinazotumika kuondoa uloto wa zamani ni kali. Kwa walio wengi, kinga iliyo karibu zaidi ni vidonge vya haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Uganda, Kongo na Angola, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa vidonge hivyo hupunguza maumivu, maambukizi, haja ya kuongezewa damu na vifo vya watoto.

La kufanya sasa

Mzazi mwenye mtoto anayeumwa viungo mara kwa mara, au mwenye manjano machoni na upungufu wa damu usiokwisha, ampeleke akapimwe selimundu. Mtu mzima naye apimwe shinikizo la damu, na akiandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Iwapo mdomo wa mtu utapinda ghafla, mkono mmoja ukalegea au maneno yakamtatiza, afikishwe hospitali mara moja, iwe ni Chake Chake, Wete, Micheweni au Abdalla Mzee, Mkoani. Asipewe chakula wala maji kabla ya kuhakikishwa kuwa anaweza kumeza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu, na baada ya picha ya ubongo. Anayepita kwanza kwa mganga huenda akazimaliza saa hizo njiani. Aliyekwisha kupooza asikatishwe tamaa: mazoezi ya viungo, yakianza mapema na kuendelea, ndiyo yanayorudisha nguvu kwa wengi.

Na familia itakayoahidiwa tiba ya seli shina kwa kiharusi iulize maswali matatu: je, hili ni jaribio lililosajiliwa, ni kamati gani ya maadili iliyoliidhinisha, na kwa nini mgonjwa anatozwa fedha? Majaribio ya kweli kwa kawaida hayamtozi mgonjwa gharama ya tiba inayochunguzwa. Majibu yasipopatikana, shamba la mikarafuu libaki mikononi mwa wenyewe, kwani mgonjwa atahitaji kulishwa na kuhudumiwa kwa miaka mingi ijayo.