Mama Alilipa Nini?

Tulipokuwa tukipanga kijitabu cha mazishi ya mama, nilipewa ukurasa mmoja niujaze. Kijana wa kuchapisha alikuwa ameshaweka kichwa kwa herufi kubwa: TRIBUTE. Mama mdogo, ambaye Kiingereza chake ni cha kukisia, akaweka kidole juu ya lile neno.

"Hii ni nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni heshima tunayompa marehemu.

"Sasa kama ni heshima, si muandike heshima?"

Sikuwa na jibu, ikabidi nilitafute.

Neno hilo limetoka kwa Kilatini, tributum, na mzizi wake ni kitenzi cha kugawa, yaani kumpa au kumtoza kila mmoja fungu lake. Raia wa Roma walitozwa tributum kugharimia vita. Mwaka 167 kabla ya Kristo, baada ya kuishinda Makedonia na kuchota hazina yake, Roma iliacha kuwatoza raia wake. Mzigo ukabaki kwa walioshindwa. Kiingereza kililipokea neno likiwa na maana hiyo: mali anayotoa mnyonge kwa aliyemshinda, ili aachwe aishi. Maana ya sifa na shukrani ilikuja baadaye.

Kiswahili kina neno lililotembea kinyume chake: hongo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, nchi yenye maji ya shida. Watemi wa huko walidai hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Wazungu kama Burton na Stanley walilalamika sana, lakini hongo ililipwa mchana, mbele ya watu, na ilikuwa njia ya kumtambua mwenye nchi. Leo hongo ni ile noti inayokunjwa kiganjani, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kuipiga vita. Neno la walioshindwa likapanda likawa heshima, na neno la heshima likashuka likawa aibu.

Na sisi Abagusii? Sheria ya kodi ya vibanda ilitungwa mwaka 1901, lakini Waingereza waliweka kituo Kisii mwaka 1907, chini ya afisa Northcote. Januari 1908 Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki. Northcote alipona. Askari wakaja, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Kodi ikahesabiwa kwa nyumba, na kwa vile kila mke alikuwa na nyumba yake, mume wa wake watatu alilipia nyumba tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa tribute ya Kirumi kabisa, na hakuna babu aliyeiita heshima.

Mama aliuza ndizi soko la Daraja Mbili. Huko kulipa hakuishi. Kuna ushuru, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni sehemu ya kumi. Kuna nauli ya mikungu, kuna mbeba mizigo, kuna chama. Siku nyingine alishalipa ushuru kabla hajauza hata chane moja. Kilichobaki kikawa karo yetu, na kama hakikutosha, alikopa kwa wenzake wa soko, akalipa polepole.

Nilimsimulia mama mdogo habari za Roma na Ugogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua mboga.

"Hao wote walilipa kwa kuogopa mtu," akasema. "Dada yangu alikuwa anamwogopa nani? Andika alichowalipia."

Nikaandika. Karo ya watoto watano. Paa la mabati. Dawa za nyanya miaka yote ile. Ukurasa ukajaa, na sifa zenyewe sijaziweka. Nikampigia yule kijana abadilishe kichwa, aweke: Deni Letu kwa Mama.

Mama mdogo alipoona karatasi, aliisoma taratibu, mstari kwa mstari.

"Hii sasa naelewa," akasema.