Kukopia ni wizi? Mabishano ya zamani kuliko intaneti



Hii mabishano inarudi kila mara: je, Leta iweke sheria kali zaidi juu ya watu wanaokopia muziki, filme na mabuku kwenye intaneti? Upande mumoja unasema ndiyo, juu mwandishi na mwanamuziki wanakufa njaa wakati kazi yao inatembea bure ku telefone za watu. Upande mwengine unauliza: siku mutafunga PDF zote, nani ataendelea kusoma hapa Pepa? Pande zote mbili ziko na sehemu ya ukweli. Lakini wengi wetu tunabishana sawa vile mambo ilianza na WhatsApp. Hapana. Iko na historia ndefu, na Afrika ilisema neno lake zamani, tena karibu sana na sisi.

Tuanze kwetu

Sheria ya haki za mwandishi tuliyoachiwa na ukoloni ni dekreti ya Wabeleji ya tarehe 21/06/1948. Kiisha miaka 4, mu 1952, Mwingereza mumoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashini ya kunasa sauti, alifika Jadotville, muji tunaoita leo Likasi. Pale akakutana na kijana mupiga gitare, Mwenda Jean Bosco, na akanasa wimbo wake "Masanga". Wimbo ule ulienda mbali. Wapiga gitare wa inchi nyingi za Afrika, na hata wa Ulaya, walijifunza kwa kusikiliza disku na kufuatisha vidole vyake.

Kwa karatasi, sheria ya kulinda mutunzi ilikuwa tayari. Lakini jiulize: mu 1952, kijana Mukongo wa Katanga angepitia mulango gani kwenda kudai haki yake kama mutu angekopia kazi yake ku Nairobi ao ku London? Sheria ilikuwako. Mulango njo haukuwako.

Nyuma ya uhuru, mu 1963, Kongo ilikubali kubaki mu Mapatano ya Berne, yale mapatano ya 1886 yanayounganisha inchi juu ya haki za watunzi. Tarehe 06/12/1969 Leta ikaunda SONECA, shirika la kukusanya feza za watunzi na kuwagawia. Kiisha, tarehe 05/04/1986, Mobutu akatia sahihi ordonansi-sheria nambari 86-033. Ni hiyo tuliingia nayo mu wakati wa intaneti. Inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 nyuma ya kufa kwake. Mwenye kuikopia kwa udanganyifu anaweza kufungwa na kulipa faini.

Sasa angalieni hii faini. Mu 1986 feza yetu ilikuwa zaire. Mu 1993 zaire milioni 3 za zamani ziligeuka zaire mupya 1. Mu 1998 zaire mupya 100 000 ziligeuka franka 1. Fanya hesabu: franka 1 ya Kongo ni sawa na zaire bilioni 300 za 1986. Kwa hesabu hiyo, hata faini ya zaire milioni moja haifike franka moja leo. Wanaosema "sheria zetu ni laini" wanapaswa kujua hii: sheria haikuandikwa laini. Feza ilikufa, tribinali ziko mbali, na shirika la kugawa feza halikufikia watunzi. Mu 2011 SOCODA ikachukua nafasi ya SONECA, na mpaka sasa wasanii wengi wanaendelea kulalamika kama feza ya haki zao haiwafikie.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ukali kiasi gani?" Swali ni: huo ukali ukikamata mutu, feza inaenda kwa nani?

Brazzaville, 1963

Hii sehemu wengi hawaijue. Mu mwezi wa munane 1963, ngambo tu ya mto kutoka Kinshasa, wajuzi wa inchi za Afrika walikutana Brazzaville kuzungumza juu ya haki za mwandishi. UNESCO ilikuwa kati ya walioitisha huo mukutano. Inchi nyingi zilikuwa zimepata uhuru miaka 3 tu mbele. Masomo yalikuwa yanafunguliwa kila pahali, watoto walijaa makalasi, lakini mabuku karibu yote yalikuwa yanatoka Ulaya kwa bei ya Ulaya. Wajuzi wakasema waziwazi: mapatano ya Berne yalitungwa na inchi zenye mabuku. Sisi wenye watoto bila mabuku tunaomba nafasi ya kuyatumia kwa masomo.

Miaka 4 nyuma yake, mu 1967, mukutano mukubwa wa Stockholm ulikubali protokole ya pekee kwa inchi zinazoendelea. Ingetoa ruhusa pana kwa kutafsiri na kuchapa mabuku ya kufundishia. Lakini wachapishaji na waandishi wa inchi tajiri, zaidi sana wa Uingereza, waliipinga kwa nguvu, na ile protokole ikabaki bila nguvu. Mu 1971, ku Paris, wakaandika nyingine mahali pake, yenye masharti mengi.

Masharti gani? Ukitaka ruhusa ya kuchapa tena buku kwa masomo, unangojea miaka 5 tangu lilipotoka. Kwa sayansi na teknolojia ni miaka 3. Kwa riwaya, mashairi na muziki ni miaka 7. Kwa kutafsiri ni miaka 3, lakini kwa luga isiyotumiwa na watu wote mu inchi tajiri, sawa Kiswahili chetu, ni mwaka 1. Kiisha unaonyesha kama ulimutafuta mwenye haki, unangojea tena miezi fulani, na unalipa malipo ya haki. Na mbele ya yote, Leta yenyewe inapaswa kuandikia OMPI ku Geneva kusema inataka kutumia hiyo njia. Kwa kweli, inchi chache sana ndizo zilitumia mulango huo. Ulijengwa mwembamba sana, hata mutu hapite.

Kwa hiyo tunaposikia leo kama vijana wa Afrika "wamezoea kuiba mabuku", tukumbuke: waliomba ruhusa kwanza. Waliomba kwa barua, mu mikutano, kwa njia ya sheria, miaka 30 mbele ya intaneti kufika kwetu. Mulango ukabanwa, watu wakapitia dirisha. Mu 2011 mwanamuke kijana wa Kazakhstan, Alexandra Elbakyan, alifungua dirisha kubwa kuliko yote, Sci-Hub, kwa makala za sayansi. Mu 2017 tribinali ya New York ikamuambia alipe kampuni Elsevier dola milioni 15. Sci-Hub haikufa.

Ukali ulijaribiwa kwa matajiri

Tusifikiri kama ni sisi tu tunashindwa. Mu 2009 Ufaransa ilitunga sheria ya HADOPI: ukikopia kinyume cha sheria, unaonywa, unaonywa tena, kiisha unakatiwa intaneti. Tarehe 10/06/2009 Baraza la Katiba lao likasema hapana, ofisi ya Leta haiwezi kumukatia mutu intaneti, ni juji tu njo anaweza, juu intaneti leo ni sehemu ya uhuru wa kusema. Mu 2013 hata hiyo azabu ya kukata ikaondolewa.

Ku Marekani, mu 2011, kulikuwa mupango wa sheria ulioitwa SOPA, na ndugu yake PIPA. Zingefanya mutandao muzima uweze kufungwa juu ya kosa la watu wachache wanaoutumia. Tarehe 18/01/2012 Wikipedia ya Kiingereza ilizima kurasa zake siku nzima kupinga. Siku 2 nyuma yake mipango yote mbili ikawekwa pembeni. Mwaka ule ule, tarehe 04/07, Bunge la Ulaya lilikataa mapatano ya ACTA kwa kura 478 juu ya 39.

Watu wale hawakukataa kama mwandishi alipwe. Walikataa sheria pana inayopita kosa lenyewe.

Na hiyo hatari tunaijua kwetu. Tarehe 13/03/2023 Rais Tshisekedi alitia sahihi sheria mupya, ile wanaita Code du numérique. Inchi ilihitaji sheria ya mambo ya mutandaoni, hakuna wa kubisha. Lakini ndani yake muko kifungu 360, kinachoazibu kueneza habari za uongo kwa njia ya mutandao. Mu mwezi wa kenda mwaka ule ule mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa ku Kinshasa, na akakaa gerezani zaidi ya miezi 6. Kati ya sheria walizomushitaki nazo, hiyo Code ilikuwamo. Sheria kali inafanana na panga: unainunua kwa kukata majani, lakini siku ingine iko mukononi mwa mutu mwengine.

Sasa sisi wa Pepa

Hapa juu ya Marungu, kwenye baridi na ngombe, buku la chuo kutoka Ulaya linaweza kupita euro 50, na njia ya kulifikisha ni ndefu. Mwanafunzi anasoma kwa silabusi ya fotokopi na PDF aliyotumiwa na mwenzake wa Kalemie ao wa Lubumbashi. Huyu, sheria kali ikimupata, haitamugeuza munuzi. Itamugeuza mutu asiyesoma. Na mwandishi wa Paris hatapata hata franka moja zaidi.

Lakini wandugu, tuwe wa kweli pia. Kuko mutu mwengine: yule anayechukua wimbo wa kijana wa hapa kwetu, anaujaza mu kadi memori za watu, na analipisha kila mumoja. Anauza kazi ya mwenzake na hamupe kitu. Huyu si mwanafunzi, na umaskini wa inchi haumutetee. Kuwaweka hawa wawili mu gereza moja ni uonevu. Kuwaacha wote wawili huru ni uonevu pia, kwa yule kijana wa gitare.

Historia inatufundisha kutenga hivi: mwenye kukopia kwa kujifunza apewe mulango wazi, sawa vile waliomba Brazzaville mu 1963. Mwenye kukopia kwa kuuza alipe, na malipo yapite moja kwa moja kwa mutunzi, kwa faini inayohesabiwa kwa feza iliyo hai na shirika linaloonyesha hesabu zake kila mwaka.

Siku ingine mubunge ao mutetezi wa sheria kali akija kutuomba tumuunge mukono, tusimuulize gereza ni miaka mingapi. Tumuulize mambo mawili: mwanafunzi atasomea wapi, na mutunzi atalipwa na nani? Akijibu yote mawili, tumusikilize. Akijibu gereza tu, tumuambie kama karatasi ya namna hiyo tuko nayo tangu 1948.